Mahali pa Jeki

Nilipostaafu mwaka 2009, baada ya miaka zaidi ya 35 ya chaki na ubao, nilipata mashauri mengi juu ya kiinua mgongo changu. Mmoja alitaka ninunue mashine ya kukamua alizeti, mwingine nijenge nyumba ya kupangisha pale Mandewa. Mimi nilikwenda mnadani nikanunua Land Rover kuukuu ya mwaka 1978, na kabla sijabadilisha hata tairi moja nikatafuta jeki ndefu. Mwalimu mwenzangu alipoiona alicheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, "kiinua mgongo umekinunulia kiinua gari!"

Utani wake niliupokea, kwani sisi wa Singida tumezoea kutaniana. Lakini nilichokuwa nakifikiria siku ile hakikuwa jeki. Jeki hununuliwa na kila mwenye fedha. Nilikuwa nafikiria itakaa wapi ndani au nje ya gari hilo, itafungwa na nini, na nani ataweza kuifungua. Huenda msomaji akaona jambo hili ni dogo mno kuandikiwa kurasa. Namwomba anivumilie kidogo.

Mtu anayeishi Singida Mjini siku hizi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuiona jeki ya gari lake. Lami inatoka hapa kwenda Manyoni na Dodoma, inatoka kwenda Babati, inatoka kwenda Sekenke na Nzega. Mara moja nilipokuwa nasubiri mgeni stendi niliwauliza madereva watatu wa magari madogo mahali zilipo jeki zao. Mmoja alifungua buti akakuta tairi la akiba tu. Wa pili alisema ipo, ila imo chini ya mizigo ya abiria. Wa tatu aliniuliza kama nimetumwa na trafiki. Siwalaumu. Mtu akipata pancha mjini, kijana wa kuziba matairi yuko umbali wa kutupa jiwe, na Singida mawe ya kutupa hayajawahi kupungua; mji wetu umejengwa katikati ya majabali, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe.

Lakini lami ina mwisho wake. Ukiiacha, ukashuka upande wa magharibi kuelekea ukingo wa mbuga ya Wembere, unaingia katika udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mvua zikishuka, kuanzia Desemba hadi Aprili, hugeuka ugali ambao haujaiva. Hushika gurudumu, hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama chungu, halafu gari linakaa kwa tumbo lake. Huko hupati jiwe hata la kumfukuzia ndege. Gari lililokaa kwa tumbo halitolewi kwa kukanyaga mafuta, kwani kila unapokanyaga unachimba kaburi lake. Linatolewa kwa kuinuliwa, gurudumu moja moja, na kujazwa matawi chini yake. Hapo ndipo jeki inapoitwa.

Jeki za kawaida ni za aina nyingi. Ipo ya skrubu, ambayo Land Rover za zamani zilikuja nayo na sisi tuliiweka katika sanduku la zana chini ya kiti. Ipo ya chupa, inayotumia mafuta ndani yake, yenye nguvu nyingi kwa umbo dogo. Hizi mbili huwekwa chini ya ekseli, na ni nzuri sana mahali pakavu. Gari likishakaa kwa tumbo, ekseli imo ndani ya tope na hakuna nafasi ya kuiingiza hata sahani. Ndiyo maana tukahitaji ile ndefu, inayoshika bampa la chuma na kupanda juu ya nguzo yake hatua kwa hatua kama mtu anayekwea mnazi. Jeki ya namna hiyo iitwayo Hi-Lift ilianza kutengenezwa mwaka 1905 huko Bloomfield, katika jimbo la Indiana, Marekani, na wakulima wa huko waliitumia hata kung'olea nguzo za uzio. Madereva wa zamani waliotoka Kenya niliwasikia wakiiita "jeki ya Tanganyika". Mimi niliyezaliwa Tanganyika kabla ya Uhuru sikuona ubaya wa jina hilo.

Nguzo yake, ile ya inchi 48, ina urefu wa sentimita 122, na jeki nzima ina uzito wa kilo 13 hivi. Ndani ya kichwa chake mna pini mbili zinazopokezana: moja ikishika tundu la nguzo, nyingine inapanda. Kila pini ina springi ndogo, nyembamba kuliko kalamu. Mwalimu wa Sayansi hawezi kupata mfano bora wa nyenzo kuliko huo. Mimi nilijifunza ualimu Kinampanda, kule Iramba, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tulifundishwa kuchora wenzo, egemeo na mzigo kwa rula. Miaka mingi baadaye gari lilipofika shuleni kwangu nilimwomba dereva anipatie jeki yake kwa kipindi kimoja, na msichana wa darasa la sita, ambaye hakufika hata begani kwangu, akainua nyuma ya Land Rover mbele ya wenzake. Wavulana walinyamaza kwa siku mbili.

Basi mashine hiyo, yenye kichwa cha pini na springi ndogo, ndiyo watu huifunga mbele ya gari, wazi, kwenye njia ya tope na vumbi. Halafu hushangaa.

Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe mwezi wa Februari mwaka 1986. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji karibu na Wembere. Gari la ofisi moja, ambayo sitaitaja, lilikuja kutuletea mishahara, na lilipokuwa linajiandaa kurudi mjini, mke wa mmoja wa walimu wangu alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri na mambo hayaendi. Mkunga wa kijiji, mama mtu mzima ambaye wote tulimheshimu, alisema huyu anahitaji hospitali. Dereva hakusita. Tukatandika magodoro nyuma, mkunga akaingia pamoja na mume, nami nikapanda mbele ili nikatie neno huko tuendako.

Tulikwama saa kumi jioni, mahali ambapo asubuhi dereva alikuwa amepita bila shida. Pua ya gari iliingia kwanza. Dereva alishuka, akazunguka mbele, na nilimwona amesimama kimya. Jeki ndefu ilikuwa imelazwa juu ya bampa la mbele, nusu yake imo ndani ya matope, na nguzo yake imepigwa kufuli kubwa la shaba. Alijipapasa mifuko yote, ingawa nadhani alikuwa anajua. Ufunguo ulikuwa mjini. Vifaa vilikuwa vimeibwa sana katika ofisi ile, ikaamriwa kwamba kila jeki ifungwe na funguo zikae kwa mtunza stoo, zitolewe kwa sahihi. Siku ile mtunza stoo hakuwapo wakati gari linaondoka.

Hapa lazima niwe mwadilifu. Aliyetoa amri ile hakuwa mjinga. Msomaji aliyeishi miaka ile anakumbuka jinsi vipuri vilivyokuwa adimu. Tairi, betri, hata balbu ya taa vilitafutwa kama dawa. Jeki moja ilikuwa na bei ya kumtia kishawishi hata mtu anayesali. Kufuli lilikuwa na sababu yake. Ila aliyelifunga alifikiria mwizi peke yake, hakumfikiria dereva aliyesimama ndani ya tope jioni, mvua inakuja.

Vijana wa kijiji cha jirani walifika na majembe na shoka. Kufuli lilipigwa kwa kisigino cha shoka, na kwa kuwa pua ya gari ilikuwa imezama hakukuwa na nafasi ya kutupa mkono sawasawa. Lilikatika giza limeshaingia. Kumbe chini ya kufuli zilikuwapo boliti mbili, zimeota kutu, hazijafunguliwa tangu zilipofungwa. Boliti nazo zikachukua muda wake. Ilipotoka jeki, pini zilikuwa zimejaa tope lililokauka la safari za nyuma na tope bichi la siku hiyo. Ukisukuma mpini, kichwa kinapanda hatua moja na kuteleza kurudi. Tuliiosha kwa mafuta ya taa tuliyoyamimina kutoka kwenye koroboi ya mzee mmoja. Ikaanza kushika.

Mtoto alizaliwa nyuma ya gari saa mbili usiku, wakati tunajaza matawi chini ya gurudumu la pili. Hakulia. Tulifika hospitali usiku mkubwa, na mama akapona. Alizaa wengine baadaye, na mmoja wao nilimfundisha mwenyewe hesabu.

Sitasema kwamba kufuli lilimwua mtoto yule. Mkunga alituambia kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, na hakuna aliyejua kama saa nne zile tulizokaa topeni zingegeuza jambo. Nimelifikiria mara nyingi na sijapata jibu. Lakini siku ya mazishi baba yake, ambaye alikuwa kijana mpole, mwalimu wa darasa la tatu, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ufunguo ulikuwa wapi?" Nikamwambia ulikuwa mjini, kwenye droo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu yake, akarudi kukaa na wazee.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo nilikuwa adui wa kufuli. Nilisema kila nilipopata nafasi kwamba jeki isifungwe kabisa, ilazwe ndani ya gari mtu aichukue anapotaka. Kisha nikaona upande wa pili wa jambo. Ilikuwa wakati wa mitihani ya darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nasi wasimamizi tulikuwa tunapelekwa vituoni kwa gari la kuazima. Jeki ndefu ilikuwa imelala sakafuni kati ya miguu yetu, haikushikwa na kitu. Ng'ombe walikatiza barabara, dereva akakanyaga breki, na jeki ikaondoka kama treni. Ilimpata mwalimu mmoja wa kike kwenye kifundo cha mguu. Mfupa ulivunjika mahali pabaya na haukuunga vizuri. Alifundisha miaka mingi baadaye akiwa ameegemea fimbo, na akiandika ubaoni aliibana fimbo kwapani.

Hiyo ilikuwa breki tu, kwenye njia ya vumbi. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuwapa wanafunzi hesabu hii, na sasa nampa msomaji. Gari likienda kilometa 60 kwa saa na kugonga kitu likasimama ghafla, kila kilichomo ndani ambacho hakikufungwa kinaendelea na mwendo ule ule wa kilometa 60. Mwendo huo ni sawa na wa kitu kilichoachiwa kutoka juu ya mita 14. Yaani ni kama mtu amepanda jengo la ghorofa nne, akaidondosha jeki ya kilo 13, nawe umekaa chini unasoma gazeti. Nikiona jeki imewekwa nyuma ya kiti cha watoto, na mara nyingi naiona, huwa natamani kumsimamisha mwenye gari. Mara mbili nimefanya hivyo. Mmoja alinishukuru.

Kwa hiyo nilipopata Land Rover yangu nilikuwa na mambo haya yote kichwani: yule kijana mpole, na yule dada mwenye fimbo. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa mjini, mtu wa makamo, mwenye macho mekundu kwa moto wa kazi yake. Tulibishana muda wa siku tatu, kwa heshima.

Shauri lake la kwanza lilikuwa boneti. Boneti ya Land Rover ni pana, wengi huweka tairi la akiba pale, kwa nini jeki isikae? Nikamwambia inakuzuia kuona jiwe na shimo lililo karibu, na Mungu apishe mbali, ukimgonga mtu ataangukia chuma. Shauri la pili likawa bampa la mbele. Hapo sikujibu sana, nilimsimulia tu habari za Februari ile. Shauri la tatu, keria ya juu. Hapo alikuwa na hoja, maana juu hakuna tope. Ila kuweka kilo 13 juu ya gari refu si jambo la kuchekea njia inapolala upande, na nilimwuliza nani atapanda huko usiku wa mvua kuishusha, mimi mwenye miaka 60? Akatazama magoti yangu, akaacha.

Mimi nilikuwa napendelea ubavuni, kandokando ya mwili wa gari. Hapa fundi ndiye aliyenifundisha. Alichukua nyundo ndogo akagonga ubavu wa Land Rover, kisha akagonga chesisi, nikasikia sauti mbili tofauti. Chesisi ni chuma. Mwili ni aluminiamu, jamii moja na masufuria yetu. Waingereza walipoianzisha Land Rover mwaka 1948, vita vilikuwa vimewaacha na uhaba wa chuma cha pua na cha bati, aluminiamu ikawa rahisi kupatikana, ikabaki hivyo. "Mwalimu," akasema, "wewe unaweza kutundika kilo 13 kwenye sufuria, halafu ukaitikisa sufuria kutoka hapa mpaka Wembere?" Nikakubali kwamba siwezi. Boliti zingetoboa matundu, matundu yangepanuka, na siku moja jeki ingebaki njiani na kipande cha ubavu wangu.

Tulichofikia mwishoni ni hiki. Nyuma ya gari langu, upande wa kushoto wa mlango, ipo ngazi ya chuma ya kupandia kwenye keria. Chini imeshikwa na mwamba wa nyuma wa chesisi, juu imeshikwa na keria yenyewe. Jeki inasimama wima ikiegemea ngazi hiyo. Chini fundi aliifanyia kikombe cha bati nene, kilichofungwa kwenye mwamba wa chesisi kwa boliti mbili, na mguu wa nguzo unaingia humo. Kikombe kina tundu la kutolea maji. Juu, kwenye usawa wa kifua changu, alichomelea kipande cha chuma cha pembe chenye msumari mnene wa nyuzi. Msumari unapita katika tundu mojawapo la nguzo ya jeki, kisha inaingia nati yenye masikio, ya kufungua kwa vidole bila spana. Kati ya chuma na chuma tuliweka vipande vya tairi kuukuu ili visilie. Mpini, ambao ndio hupiga kelele nyingi na kukuchosha safari nzima, umebanwa na mpira wa tyubu, wa aina ile ile wanayofungia kuni kwenye baiskeli.

Tulichagua kushoto kwa sababu nchini mwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na mtu anayehangaika na jeki usiku ni bora awe upande wa majani kuliko upande wa malori. Na hapa naomba nitoe dukuduku langu dogo. Gari likiharibika barabarani kwetu, dereva huvunja matawi ya miti akayapanga njiani kuwaonya wengine, na huweka mawe nyuma ya magurudumu. Vizuri. Kisha gari likipona anaondoka, matawi na mawe anayaacha pale pale katikati ya njia. Nimewahi kupasua tairi kwa jiwe la mtu aliyekuwa amebadilisha tairi.

Kufuli nimeweka. Singida ya leo si ya malaika, na jeki iliyoning'inia nje ya gari sokoni ni mwaliko. Lakini ufunguo wa kufuli hilo umo katika pete moja na ufunguo wa kuwashia gari, umechomelewa kabisa, hautoki. Gari haliwezi kwenda mahali ufunguo usikokwenda. Fundi aliona huo ni ushamba, kwani pete imekuwa nzito na inapigapiga goti, nami nikamwambia ndivyo ninavyotaka, inikumbushe.

Nyuma ya gari kuna adui mmoja ambaye hatukumkwepa, naye ni vumbi. Gari linapokwenda huvuta vumbi likajikusanya mgongoni kwake, na mwenye kutaka kujua na atazame mlango wa nyuma wa gari lolote lililotoka Mgori mwezi wa Septemba. Ndiyo maana kichwa cha jeki nimekivika soksi ya tyubu ya lori, imefungwa juu na chini kwa kamba. Kila mwezi naivua, napiga brashi pini na springi kwa mafuta ya taa, natia matone machache ya mafuta mepesi. Grisi sitii, grisi hushika mchanga ukawa kama msasa. Boliti za kikombe nazo nazifungua na kuzifunga tena hata kama hakuna haja, maana nimeshaona boliti zisizofunguliwa zinavyokuwa.

Pamoja na jeki husafiri ubao. Mguu wa jeki hii ni mdogo, kama inchi 4 kwa 7, yaani sentimita za mraba 180 hivi. Ukiupa uzito wa kilo 700 juu ya tope, unazama wenyewe badala ya kuinua gari. Ubao wangu ni wa mninga, sentimita 40 kwa 40, unene wa vidole vitatu, nao una sentimita za mraba 1,600. Uzito ni ule ule, ila sasa umegawanywa juu ya eneo kubwa karibu mara tisa. Ubao huo umefungwa chini ya benchi la nyuma kwa mikanda miwili, nao hauruki.

Kutumia jeki hii ni somo jingine, na sitalimaliza hapa. Nitasema tu mambo ambayo nimeyaona yakiumiza watu. Springi za gari hushuka kwanza, kwa hiyo utainua mwili wa gari sana kabla gurudumu halijaacha ardhi. Hilo humfanya mtu akate tamaa au akazidisha pupa. Gari likiwa juu ya jeki ndefu ni kama mtu aliyesimama juu ya mguu mmoja, asiingie mtu chini yake hata kwa sala. Na wakati wa kushusha, mpini unarudi juu kwa nguvu ya gari zima. Ukiuachia nusu ya njia unapiga na kupiga kama nyoka aliyekanyagwa. Kichwa chako kisiwe juu ya mpini. Fundi wangu ana pengo la meno mawili mbele, na nilipomwuliza alisema tu, "Kushusha."

Wanangu walioko Dodoma wanasema niliuze gari. Siku hizi, wanasema, ukikwama unapiga simu, inakuja trekta, au unapanda bodaboda unarudi nyumbani. Ni kweli, na nimeshapanda hizo bodaboda. Lakini shamba langu la alizeti liko ng'ambo ya mbuga, na katikati ya mbuga ile simu yangu huandika kwamba hakuna mtandao. Tena si mimi peke yangu nipitaye. Masika mawili yaliyopita nilisimamishwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtoto ana homa, na tulipofika kwenye korongo gari likalala upande mmoja. Nilishuka, nikafungua kufuli, nikazungusha nati kwa vidole. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote nyuma ya gari, na mama yake alikuwa anamwomba radhi mzee kwa kelele. Nikamwambia amwache alie, analia vizuri.

Goti langu la kulia sasa linakataa kupiga magoti topeni, kwa hiyo namfundisha mjukuu wangu aliyemaliza kidato cha nne. Zoezi letu hufanyika uani baada ya chakula cha usiku, taa zikiwa zimezimwa, bila tochi. Anatoa funguo, anafungua kufuli, anatoa nati, anavua soksi, anaweka ubao, anaisimamisha jeki chini ya bampa. Mara ya kwanza alichukua dakika kumi na moja akaipoteza nati kwenye mchanga. Sasa amefika dakika tatu. Nati tumeifunga kwa mnyororo mdogo, wazo lake mwenyewe. Kilichobaki ni mlio kidogo kwenye kikombe cha chini, nadhani kipande cha tairi kimelika, na Jumatatu tutakwenda kwa fundi tukiangalie.